HMS Shah: manowari ambayo kazi yake ilikuwa kuona

Watu wakitaka kujua manowari ilikuwa na faida gani, kwanza huhesabu ilizozamisha. Kwa hesabu hiyo HMS Shah, meli ndogo ya Waingereza ya kubeba ndege katika Vita Vikuu vya Pili, haina kitu, kwani pigo la mwisho kila mara lilitoka kwa meli nyingine. Hata hivyo, kwa miaka yote niliyofuatilia vita vya Bahari ya Hindi, sijaacha kuiheshimu.

Iliundwa Tacoma, jimbo la Washington, ikashushwa majini Aprili 1943. Wamarekani walikuwa wameipa jina Jamaica, ila Septemba mwaka huohuo wakawakabidhi Waingereza. Kiunzi chake kilikuwa cha meli ya mizigo, na juu yake pakawekwa sitaha ya kurukia ndege, banda la ndege chini yake, na lifti mbili. Ilikuwa na urefu wa mita 150 hivi, na mwendo wake haukuzidi sana maili 18 za baharini kwa saa.

Mwendo huo ndio ulioitesa. Ndege hupaa kwa upepo unaopita kwenye mbawa zake, na meli kubwa za kubeba ndege ziliutafuta upepo huo kwa kukimbia maili 30 kwa saa. Shah haikuwa na mbio hizo. Karibu na ikweta, siku ambayo bahari ni shwari, ndege aina ya Avenger yenye watu watatu na shehena ya mabomu, uzito wake tani saba na zaidi, ingeimaliza sitaha kabla haijapata kasi ya kupaa. Ndiyo maana ilitegemea kataputi: ndege inafungwa kwa waya nene, rubani anafungulia injini mpaka mwisho, mtambo wa haidroliki unavuta, na kufumba na kufumbua imeshaiacha sitaha. Kataputi ikiharibika, meli ya namna hii imebaki na ndege za kutazamwa tu.

Mwanzoni mwa Agosti 1944 nyambizi ya Kijerumani U-198 ilikuwa ikiwinda upande wetu wa bahari. Tarehe 6 iliizamisha Empire City karibu na Msumbiji ya kaskazini, na tarehe 7 Empire Day, mashariki ya Zanzibar. Shah na mwenzake Begum, pamoja na frigeti (manowari ndogo za kusindikiza) kadhaa, zikaingia msakoni. Tarehe 10 Avenger ya Shah ikaiona, nayo nyambizi ikapiga mbizi.

Kuonwa huko kulikuwa na uzito wake. Nyambizi za wakati ule zilisafiri juu ya maji kwa dizeli. Chini ya maji zilitambaa kwa betri, na betri zilipoisha hazikuwa na budi kuibuka kuzichaji. Ndege ikiilazimisha nyambizi kupiga mbizi namna hiyo imeinyang'anya mwendo, na eneo la kuitafuta linakuwa dogo, frigeti zinaweza kulichana. Tarehe 12, karibu na Shelisheli, Findhorn ya Waingereza na Godavari ya Jeshi la Majini la India zikaimaliza. Watu wote 66 waliokuwemo walikufa.

Mei 1945 mambo yalijirudia, safari hii wakimsaka Mjapani. Kataputi ya Shah ilikuwa mbovu, kwa hiyo Avenger zake zikarukia kwenye sitaha ya HMS Emperor, meli nyingine ya kubeba ndege. Tarehe 15 zikaiona kruza (manowari kubwa) ya Kijapani Haguro na kuishambulia bila kuiumiza sana. Usiku wa kuamkia tarehe 16, destroya (manowari nyepesi zenye mbio) tano za Waingereza zikaizamisha kwa torpedo nje ya Penang, Malaya.

Vita vilipokwisha ilirudishwa Marekani, ikauzwa na kugeuzwa meli ya abiria ya Argentina, jina Salta. Desemba 1963 meli ya watalii ya Ugiriki, Lakonia, ilishika moto kaskazini ya Madeira ikiwa na zaidi ya watu 1,000. Waliokufa ni 128. Salta ndiyo iliyowahi kufika kabla ya wote, alfajiri ya tarehe 23, na peke yake ikaokoa watu zaidi ya 470. Ilivunjwa Buenos Aires mwaka 1966.