Mbege si gongo ya ndizi

Kila Desemba Wachaga wakipanda Kilimanjaro kwa sikukuu, na maneno yale yale kuhusu mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, hupanda nao. Nimekulia jikoni kwa bibi, pipa likiwa pembeni ya mafiga, na mengi ya hayo nayasikia kama mtu anavyosikia ndugu yake akisingiziwa.

La kwanza, kwamba mbege na gongo ni kitu kimoja. Hapana. Mbege huchachuka tu. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke nyekundu, zikaachwa siku kadhaa, zikachujwa, kisha maji yake yakachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Basi. Gongo ni pombe iliyokwisha kuchacha, ikarudishwa motoni, mvuke ukapitishwa kwenye bomba lililopozwa, na yale matone ndiyo yanayonywewa. Ndiyo maana Tanzania ilitunga sheria ya gongo peke yake mwaka 1966, na pombe za kienyeji zikaja kuwekwa kwenye sheria ya vileo ya 1968, yenye mambo ya leseni. Na wanaoihofia mbege kwa sababu ya vifo vya pombe wajue: watu zaidi ya 100 waliokufa Nairobi Novemba 2000, na wengine wakapofuka, waliuawa na methanoli, kemikali ya viwandani iliyotiwa kwenye pombe yao. Kuchacha kwa ndizi hakufanyi hivyo.

Wengine husema bila hamira ya dukani haichachi. Bibi hakununua hamira maisha yake yote. Chachu ilikuwa kwenye kimea, kwenye kichujio, kwenye mbao za lile pipa. Alichokiogopa ni joto. Uji wa ulezi ukishaiva aliuepua, akaufunika kwa majani ya mgomba, na sisi wajukuu tukakatazwa kuugusa hadi jioni. Kisha alishika sufuria kwa viganja vyote viwili, akanyamaza kidogo. Ikiwa bado yamuunguza, tulisubiri tena. Uji wa moto huua chachu, na siku nne za kazi zinakwenda bure.

Rangi nayo inadanganya watu: "Hii nyeusi ndiyo kali." Weusi wa mbege unatoka kwenye kuchemsha ndizi muda mrefu. Hata bia nyeusi ya Guinness ya pipa inayonywewa Ireland ina kileo cha asilimia 4.2 tu, na weusi wake ni wa shayiri iliyokaangwa.

Sasa msesewe, mti ambao magome yake hutiwa kwenye mbege ili iwe na uchungu. Kwa sababu kwa Kiingereza huitwa mti wa kwinini, wapo wanaoamini kikombe cha mbege kinatibu malaria. Kwinini inatoka kwenye mti wa sinkona wa Amerika Kusini, na msesewe hauna hata chembe yake. Una kemikali nyingine zenye nguvu, zikiwemo za kushusha presha, kwa hiyo anayeongeza magome ili "ikolee" anacheza na dawa asiyoijua kipimo. Homa ikikupata, nenda ukapimwe.

Dhana ninayoiona ikidhuru watu wengi kimyakimya ni hii: kileo kinaua vijidudu vyote, kwa hiyo maji yoyote na chombo chochote vinafaa. Kileo cha mbege ni kidogo, hakitoshi kusafisha maji ya mfereji. Chemsha maji, osha kata ya kunywea kabla haijapita kwa mgeni mwingine. Na usiweke mbege kwenye ndoo ya bati lenye zinki: uchachu wake hula zinki, ikaingia kinywani.

Povu halina ubaya. Ni gesi inayotolewa na chachu, lakini inahitaji njia. Mwaka mmoja binamu yangu alikaza kifuniko cha dumu la lita 20 ili mbege isimwagike garini. Kabla hatujafika Same, dumu lilikuwa limevimba kama mpira, na alipolegeza kifuniko mbege yote iliruka hadi kwenye dari la gari.