Four Roses: hamira tano na jina lililochafuliwa nyumbani

Kazi yangu ni uchachushaji. Nikiulizwa kiwanda gani cha bourbon, wiski ya Marekani ya mahindi, kinastahili kuchunguzwa kwanza, jibu langu ni Four Roses, kule Lawrenceburg, Kentucky, kando ya mto Salt. Wanywaji wengi huulizia wiski imekaa pipani miaka mingapi. Mimi naulizia hamira.

Sheria ya Marekani inabana sana bourbon: mahindi yawe angalau asilimia 51 ya nafaka, kilevi kisizidi asilimia 80 kikitoka mtamboni wala 62.5 kikiingia pipani, na pipa liwe jipya, la mwaloni, lililochomwa ndani. Ukishabanwa hivyo, nafasi ya kujitofautisha unaitafuta wapi? Viwanda vingi vina hamira moja, nao huilinda kama mboni ya jicho. Four Roses wanazo tano.

Hizi ni ndugu wa hamira ya mandazi. Zote hugeuza sukari kuwa kilevi, lakini njiani kila moja huacha harufu yake. Ile waliyoipa herufi V huleta matunda mepesi, K viungo, O matunda mazito, Q maua, F mitishamba. Nafaka nazo zina michanganyiko miwili: E ni mahindi asilimia 75, rai (nafaka ya jamii ya ngano) 20 na kimea cha shayiri 5, B ni mahindi 60, rai 35, kimea 5. Rai ndiyo inayowasha ulimi, na hiyo 35 ni nyingi mno kwa bourbon. Mbili mara tano, wanapata wiski kumi, kila moja ikipikwa na kulazwa pipani peke yake. Kila moja hutajwa kwa herufi nne: ukikutana na OBSV, O ya mwanzo inataja kiwanda na S aina ya wiski, hizo hazibadiliki. Soma herufi ya pili, ya nafaka, na ya nne, ya hamira.

Hata maghala yao, huko Cox's Creek, ni ya chini, hayana ghorofa. Kwenye ghala refu mapipa ya juu huungua kwa joto na ya chini hupoa, hivyo mahali pa pipa hubadilisha ladha. Hapa tofauti hiyo ni ndogo, na sauti ya hamira inasikika.

Jina ni kazi ya Paul Jones Jr., aliyelisajili mwaka 1888. (Hadithi ya waridi nne ambazo mchumba wake alijipamba nazo kumkubali ni tamu, lakini ni hadithi.) Jengo lenyewe, la mwaka 1910, lina kuta za manjano kwa mtindo wa misheni za Kihispania, kama limehamishwa kutoka California.

Mwaka 1943 likaja Seagram, shirika la pombe la Kanada. Lilikuwa na viwanda kadhaa Kentucky, kila kimoja na hamira yake. Vilipofungwa, hamira zikakusanywa Lawrenceburg. Utajiri ninaousifu hapa ulitoka kwao. Lakini ni haohao waliofanya jambo linaloniuma hadi leo: mwishoni mwa miaka ya 1950 waliiondoa bourbon hii Marekani, wakaipeleka Ulaya na Japani, na nyumbani wakauza kwa jina lilelile wiski hafifu iliyochanganywa na spiriti isiyo na ladha. Kwa zaidi ya miaka 40 Wajapani walikunywa bourbon halisi, huku Mmarekani akilijua jina hilo kama la kinywaji cha bei rahisi.

Mwaka 2002 Kirin, kampuni ya bia ya Japani, ilikinunua kiwanda. Jim Rutledge, mpishi mkuu wa wiski aliyeanza kazi Seagram mwaka 1966 na kuipigania bourbon hiyo irudi, akapata alichokitaka. Ile wiski hafifu ya kuchanganywa ikaondolewa, na bourbon ikaanza kuuzwa tena Kentucky.

Ukitaka kuijua hamira ya V bila kuchanganywa na nyingine, tafuta chupa ya Single Barrel (yaani ya pipa moja): ni OBSV tupu, kilevi asilimia 50. Iache kwenye glasi dakika chache kabla ya kunusa.