"Ni utani tu" na mengine wanayoambiwa wanafunzi wetu

Dhana potofu: kumwita mwanafunzi kwa kabila lake ni utani tu.

Utani una utaratibu wake. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya bara na pwani: unanitania, nakujibu, na msiba ukinifika, mtani wangu unakuja kushika kazi. Sasa chukua darasa la Temeke lililojaa pomoni, lenye Mmasai mmoja. Anasimama kujibu swali, sauti ya nyuma inasema "Mlinzi!", darasa linaangua kicheko na mwalimu anatabasamu. Huyo mtoto atamjibu nani? Hapo hakuna mtani, kuna umati unaomzomea mtu mmoja. Mwalimu akinyamaza, kesho mtoto hanyooshi mkono. Akemee papo hapo, tena mbele ya wote, maana kejeli imetolewa mbele ya wote.

Dhana potofu: Mhindi ni mgeni.

Hoja hii ilifika bungeni Oktoba 1961, uhuru ukiwa mlangoni. Wapo wabunge waliotaka uraia ufuate rangi, Nyerere akakataa katakata. Wakati huo hata shule zilikuwa zimetengwa: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Miaka michache baadaye Amir Jamal, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, alikuwa Waziri wa Fedha. Mtoto wa Upanga ambaye babu yake alizaliwa na kuzikwa hapa hapa Dar, kila siku anaulizwa "kwenu hasa ni wapi?" Inachosha, na inauma. Isitoshe, jina hilo moja la "Mhindi" tunawabandika Waismailia, Mabohora, Wahindu, Masingasinga na Wagoa Wakatoliki, watu wenye ibada na historia tofauti. "Ponjoro" na "gabacholi" ni matusi, yasisikike shuleni kabisa.

Na chotara je? Wapo wanaojiita hivyo bila shida, wapo linaowakera. Muulize mwenyewe, faraghani. Pasipo sababu ya kutaja asili yake, mwite kwa jina lake.

Dhana potofu: anayechanganya r na l ni mzito wa akili.

Kisukuma hakina r, Kikurya hakina l. Mtoto anatamka alivyozoeshwa na lugha ya nyumbani. Mwache amalize sentensi, mpe aya ya kusoma mapema ajiandae, na matamshi msahihishe mkiwa wawili.

Dhana potofu: kumsaidia mmoja ni upendeleo.

Shule nyingi za sekondari huwaanzishia kidato cha kwanza kozi ya Kiingereza, kwa kuwa wengi wao wametoka shule za msingi za Kiswahili. Hakuna anayelalamika. Basi mwanafunzi aliyehamia Dar na Kiswahili chake bado kinasuasua naye atengewe nusu saa baada ya vipindi, akae na mwalimu wa Kiswahili mpaka ashike.