Kabla ya Kununua Sensa ya Oksijeni, Pima Waya wa Hita

Dereva mmoja wa Noah alikuja karakana ya chuo chetu hapa Mtwara na sensa za oksijeni mbili kwenye mfuko, zote mpya, zote zimeshajaribiwa. Sensa hiyo hukaa kwenye ekzosi na kupima oksijeni iliyomo kwenye moshi, ili injini ipewe petroli kwa kipimo. Taa ya cheki injini bado ilikuwa inawaka, na mashine ya kupimia ilitoa kodi, yaani namba ya hitilafu, ile ile kila siku: P0135. Kodi hii ya magari haina uhusiano na ile ya mapato, ila nayo ikieleweka vibaya inakutoa pesa.

P0135 inasema saketi (njia nzima ya umeme) ya hita, yaani kipasha joto, ya sensa ya kwanza, upande wa silinda namba moja, ina hitilafu. Neno la kushika hapo ni saketi. Ndani yake mna fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), waya, plagi ya kuunganishia nyaya, hita yenyewe na kontroli boksi, ambayo ni kompyuta ya injini. Ndugu zake ni P0141 kwa sensa iliyo nyuma ya katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi), na P0031 au P0032 pale kontroli boksi inapoona umeme wa chini mno au wa juu mno.

Hita ipo kwa sababu sensa ya kawaida ya zirkonia haitoi ishara ya kuaminika mpaka ifike nyuzi joto kama 300 za Selsiasi. Bila hita itasubiri moshi wa ekzosi uipashe. Ukienda Masasi, karibu kilomita 200, itapata moto njiani na huenda usione tofauti. Anayeumia ni mwenye safari fupi fupi za sokoni na kupeleka watoto shule: injini inachoma petroli kwa kukisia, plagi za moto zinakuwa nyeusi kwa masizi.

Anza na fyuzi, ni dakika moja. Ikiwa imekatika, usiweke kubwa zaidi. Fuata wayaringi kwanza, maana mara nyingi waya umegusa ekzosi na ganda lake limeyeyuka.

Kisha, injini ikiwa imepoa, chomoa plagi ya sensa. Sensa ya waya nne ina waya mbili za rangi moja, na hizo kwa kawaida ndizo za hita. Zipime kwa mita. Toyota nyingi zenye sensa ya kawaida husoma kati ya omu 11 na 16. Sensa za uwiano wa hewa na mafuta husoma chini sana, omu 2 au 3 hivi, kwa hiyo angalia kitabu cha gari lako kabla ya kuilaumu. Mita isiposoma chochote, hita imekatika na hapo ndipo unapokwenda dukani. Pima pia kati ya waya wa hita na bati la sensa: pasiwe na mawasiliano.

Hita ikiwa nzima, geukia upande wa gari, na hapa ndipo mafundi wengi huteleza. Wanafungua swichi (gari lingine linataka injini iwake), wanaweka mita kwenye plagi, wanaona volti 12, wanasema umeme upo. Mita haivuti umeme wowote wa maana. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12 zile zile, halafu ukiupa mzigo unazimia. Chukua balbu ya breki ya wati 21, ambayo huvuta karibu ampea 2, uiunge kati ya waya wa umeme wa hita na bodi. Ikiwaka kwa nguvu, njia ni safi. Ikififia, kuna kutu mahali fulani. Noah ile balbu iliwaka kama kibatari. Plagi yake ilikuwa imeota ukungu wa kijani ndani, na hilo halishangazi kwa gari linalolala Mikindani, hatua chache kutoka baharini.

Waya wa pili unaendeshwa na kontroli boksi, inayoufunga na kuufungua kwenye negativu. Huo usiupe balbu kubwa. Tumia taa ndogo ya kupimia ya LED, mguu mmoja kwenye pozitivu ya betri na mwingine kwenye waya huo, injini inawaka: taa inatakiwa iwake au ipepese. Isipofanya hivyo, pima waya toka plagi hadi kontroli boksi kabla ya kutamka kwamba boksi limekufa. Mimi boksi huliweka mwisho kabisa kwenye orodha.

Unaposafisha plagi, usijaze grisi. Sensa nyingi huvuta hewa safi ya kulinganishia kupitia nyaya zake, na grisi au risasi ya kuchomelea huiziba. Waya uliokatika uungwe kwa kiungio cha kubana.

Futa kodi, uache gari lilale usiku kucha. Magari mengi huijaribu hita injini inapowashwa ikiwa baridi, kwa hiyo jibu utalipata asubuhi, si pale pale karakana.