Je, Wajua? Sherehe na Sheria Hazikutoka Tumbo Moja

"Sherehe ni sheria," husema vijana wa Nairobi ifikapo Ijumaa jioni. Msemo huo unanoga kwa sababu maneno yake mawili yanafanana kama pacha, na wengi huamini kwamba ni pacha kweli: kwamba sherehe tangu asili ni jambo lililoamriwa, desturi isiyovunjwa. Hata anayejua kwamba yote mawili yametoka Kiarabuni hudhani hivyo, kwa kuwa yote huanza na sh na r.

Asili zao ni mbili, na kinachozitenga ni sauti ya mwisho.

Neno la Kiarabu kwa kawaida hukaa juu ya konsonanti tatu, kama chungu juu ya mafiga. Irabu hubadilika na viambishi huongezwa, mafiga yakabaki yale yale. Badilisha figa moja tu, na hilo ni jiko jingine. Sheria imekaa juu ya shin, ra na ain; ukoo wake ni wa njia, hasa njia ya kuendea maji, na hadi leo barabara kwa Kiarabu ni shari'. Sherehe imekaa juu ya shin, ra na ha, ile ha nzito ya kooni iliyomo katika jina Muhammad.

Kiswahili hakina ain, basi figa la tatu la sheria likadondoka. Ha nzito ilipata pa kushika: ikalainika, ikawa h yetu ya kawaida. Kisha, kwa kuwa Kiswahili hupenda silabi iishie kwenye irabu, sharh ikaongezewa irabu hadi ikawa sherehe, kama fahm ilivyokuwa fahamu na waqt ikawa wakati.

Ushahidi wa kusikika kwa masikio upo hapa hapa jijini Nairobi, Eastleigh, mtaa wenye Wasomali wengi. Kisomali kilichukua maneno hayo hayo na kikazihifadhi sauti zote mbili. Tahajia yake ya Kilatini, iliyoanza kutumika rasmi mwaka 1972, huandika ain kwa c na ha nzito kwa x. Sheria ni sharci. Sharax ni maelezo.

Maelezo? Ndiyo, na hapa ndipo penye utamu. Kiini cha ukoo huu ni kupasua na kufungua. Kwa Kiarabu, kipande chembamba cha nyama huitwa shariha, jina ambalo siku hizi hupewa pia laini ya simu. Elimu ya kupasua mwili ni tashrih. Ukilifungua jambo gumu likaeleweka, hiyo ni sharh. Ukifunguliwa kifua, dhiki ikatoka, hiyo ni inshirah, yaani furaha. Watoto wa madrasa huisoma Sura ya 94, Alam nashrah: je, hatukukunjulia kifua chako? Kiswahili nacho kilikuwa na wazo hilo kwa neno lake chenyewe, maana mtu mchangamfu tunamwita mkunjufu, kutokana na kukunjua.

Sherehe yetu imezibeba maana zote mbili. Fungua diwani ya mashairi, nenda kurasa za mwisho, na mara nyingi utakuta kichwa "Sherehe" juu ya orodha ya misamiati migumu iliyofafanuliwa. Mwanafunzi anayeiona mara ya kwanza huenda akadhani ni kosa la mchapaji, kwani sherehe anazozijua ni za harusi, za Madaraka tarehe 1 Juni na za Jamhuri tarehe 12 Desemba. Si kosa hata kidogo. Na kitenzi kusherehesha hufanya kazi pande zote mbili: mhariri hulisherehesha shairi kwa maelezo, naye mshereheshaji wa harusi hushika kipaza sauti, akawatambulisha mashangazi na wajomba mmoja mmoja, kisha akawainua wote kucheza.