Seva ya hifadhidata kubwa ya grafu: anza na RAM, viini vitafuata

Mtu akiniomba ushauri wa seva ya kuendeshea hifadhidata kubwa ya grafu, yaani inayohifadhi vitu (nodi) na viungo kati yake (mahusiano), mara nyingi huja na orodha ya prosesa mkononi: hii ina viini (sehemu zinazokokotoa) 64, ile 96, ipi bora? Mimi humrudisha nyuma kidogo. Una nodi ngapi? Mahusiano mangapi? Swali lako zito kuliko yote linatembea hatua ngapi? Bila majibu hayo orodha ya prosesa haitufikishi popote, kwa sababu kinachoiangusha seva ya grafu si uhaba wa nguvu za kukokotoa. Ni muda unaopotea ikisubiri data kati ya hatua moja na nyingine.

Hilo la kusubiri ndilo linaloamua mengine yote. Kwenye hifadhidata ya majedwali, swali kubwa mara nyingi husoma safu zilizopangana, hivyo mashine hubashiri kinachofuata na kukivuta mapema. Grafu haina mpangilio huo. Nodi inakuelekeza kwenye uhusiano, uhusiano unakuelekeza kwenye nodi nyingine, na anwani ya tatu huijui mpaka uisome ya pili. Ni kama mgeni anayetafuta nyumba kwa kuelekezwa mlango hadi mlango: hata awe na miguu mepesi namna gani, kila mlango lazima asimame asubiri kufunguliwa.

Tufanye hesabu. Chukua grafu ambayo kila nodi ina majirani 100, kisha uliza swali la hatua tatu. Hiyo ni 100 mara 100 mara 100, yaani mahusiano milioni moja. Kusoma sehemu yoyote ya RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) kwa nasibu huchukua takriban nanosekunde 100, kwa hiyo swali zima linakwisha ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. SSD nzuri ya NVMe, diski ya kasi isiyozunguka, huhitaji karibu mikrosekunde 100 kwa kila usomaji: swali lile lile sasa ni sekunde 100. Diski ya kuzunguka, kwa milisekunde 8 kila inapotafuta, itakuweka zaidi ya saa mbili. Nimechukua hali mbaya kabisa, ya uzi mmoja (mfuatano mmoja wa kazi) usiokuta chochote kwenye kache (hifadhi ndogo ya haraka), na katika uhalisia mambo huwa nafuu. Lakini pengo la mara elfu moja kati ya RAM na SSD lipo, na hakuna prosesa inayoliziba.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua grafu yako ina baiti ngapi. Katika mfumo wa rekodi ambao Neo4j, hifadhidata ya grafu inayojulikana, imeutumia kwa miaka mingi, nodi moja huchukua baiti 15, uhusiano mmoja baiti 34, na rekodi ya sifa baiti 41. Tuchukue grafu halisi, ile ya Twitter ambayo watafiti waliikusanya na kuitangaza mwaka 2010: akaunti milioni 41.7 na mahusiano ya kufuatana bilioni 1.47. Nodi zote hazifiki hata gigabaiti moja. Mahusiano ni gigabaiti 50. Sasa sema unataka kila uhusiano ubebe tarehe ulipoanza, sifa moja tu: unaongeza gigabaiti 60 nyingine. Umepita 110 na bado hujaweka jina la mtu wala faharasa hata moja. Ndiyo maana nasisitiza kuhesabu mahusiano na sifa zake kabla ya kitu kingine chochote. Watu hujisifia idadi ya nodi, ilhali mzigo wote uko kwenye mahusiano.

Grafu ya namna hiyo nisingeinunulia seva ya gigabaiti 128. Faharasa zinataka nafasi, matokeo ya kati ya maswali yanataka nafasi, mfumo endeshi nao unataka yake, na grafu inakua. Ningeangalia 256 kwenda juu. Kama hifadhidata yako inaendeshwa juu ya Java, usidhani RAM yote ni ya hipu (sehemu ambayo Java huweka vitu vyake): data ya grafu hukaa kwenye kache ya kurasa, yaani vipande vilivyovutwa kutoka diskini, nje ya hipu. Hipu yenyewe ikivuka takriban gigabaiti 32, pointa zake (anwani za kumbukumbu) huacha kubanwa na kuanza kula baiti 8 badala ya 4, hivyo ukiipandisha kidogo tu juu ya mstari huo unaweza kubaki na nafasi ndogo kuliko uliyokuwa nayo.

Namna ya kuijaza RAM nayo ina uzito wake. Prosesa za seva za AMD EPYC za mfululizo wa 9004 zina chaneli 12, yaani njia za kwenda kwenye kumbukumbu, kwa kila soketi (tundu la prosesa). Vijiti 12 vya gigabaiti 32, kimoja kila chaneli, vinakupa 384, na kila chaneli inafanya kazi. Ukinunua vijiti sita vikubwa ili uache nafasi ya baadaye, nusu ya njia za kwenda kwenye kumbukumbu zinakaa bure, na maswali mengi yanapokuja kwa pamoja yanapanga foleni. Ukiweka viwili kila chaneli kwenye ubao unaoruhusu, kasi hushuka. RAM iwe ya ECC (inayojirekebisha makosa), na hapo sibishani: biti moja iliyogeuka ndani ya pointa inauelekeza uhusiano kwenye nodi isiyo yake, na kosa kama hilo halipigi kelele.

Sasa tuje kwenye prosesa. Swali moja la kutembea kwenye grafu mara nyingi huendeshwa na uzi mmoja, kwa hiyo kasi ya kiini kimoja na ukubwa wa kache ya L3, kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa, vina maana kuliko wingi wa viini. Viini vingi vinasaidia ukiwa na watumiaji wengi kwa wakati mmoja, au ukiendesha algoriti zinazopita grafu nzima, kama PageRank inayopima umuhimu wa kila nodi. Mwaka 2022 AMD ilitoa EPYC 7773X yenye megabaiti 768 za L3, na kwa kazi za grafu namba hiyo inavutia kweli. Ila soma vizuri: kache hiyo imegawanyika katika vipande vinane vya megabaiti 96, na kiini hunufaika na kipande chake tu.

Kuhusu soketi, grafu ikitosha kwenye RAM ya soketi moja, nunua ya soketi moja. Kwenye seva ya soketi mbili nusu ya RAM iko upande wa pili, na kuifikia huchukua muda mrefu zaidi, kwa mashine nyingi mara moja na nusu hadi mbili. Kwa kuwa grafu inaruka ovyo, karibu nusu ya hatua zako zitavuka. Kama huna budi kuwa na mbili, tumia programu ya numactl uone data imekaa wapi. Na kama hifadhidata yako inaruhusu, washa kurasa kubwa za megabaiti 2 (ukurasa hapa ni kipande cha RAM kinachopewa anwani moja). Grafu kama ile ya Twitter, ikifika tuseme gigabaiti 130, ikigawanywa kwa kurasa za kilobaiti 4 ni zaidi ya kurasa milioni 30, na jedwali la anwani lililo ndani ya prosesa hukumbuka elfu chache tu.

Kwenye diski, namba kubwa iliyoandikwa kwenye karatasi ya bidhaa itakupotosha. SSD inayotangazwa kusoma mara milioni moja kwa sekunde inapimwa ikiwa na maombi mengi yanayosubiri kwa pamoja. Uzi wa grafu hutuma ombi moja, unasubiri, ndipo unatuma la pili. Ipime kwa fio, programu ya kupimia diski, usomaji wa nasibu wa kilobaiti 4, kina cha foleni kikiwa 1 (ombi moja kwa wakati): kama kila usomaji ni mikrosekunde 80, utapata 12,500 kwa sekunde na si zaidi. Hiyo ndiyo namba ya kulinganishia diski mbili. Upande wa kuandika, kila muamala lazima logi yake (rekodi ya mabadiliko) ifike diskini kabla ya kuthibitishwa, kwa hiyo chagua SSD ya seva yenye kapasita (vihifadhi vidogo vya umeme) za kulinda data umeme ukikatika. Inaweza kuthibitisha maandishi yangali kwenye kache yake bila kuhatarisha kitu, na tofauti yake na SSD ya kompyuta ya kawaida huonekana mara tu maandishi yanapoongezeka.

Vipi grafu ikizidi seva moja? Kuigawa ni kugumu kuliko watu wanavyotarajia. Kila uhusiano unaovuka kutoka seva moja hadi nyingine unapitia mtandao, na kwenda na kurudi ndani ya kituo kimoja cha data huchukua makumi ya mikrosekunde au zaidi, mahali ambapo RAM ingejibu kwa nanosekunde 100. Kugawa kwa nasibu kunafanya mahusiano mengi yavuke. Mgawanyo unaofaa hufuata maana ya data: huduma ya maswali ya Wikidata, inayotumia hifadhidata ya grafu ya Blazegraph, iligawanywa mwaka 2025 kwa kuweka makala za kitaaluma upande wake na data nyingine upande wake. Klasta ya nakala ni jambo tofauti. Seva tatu zenye nakala kamili zinaiweka huduma hai moja ikianguka, na maswali yanagawanyika, lakini kila seva inahitaji RAM ya grafu nzima, kwa hiyo bajeti ya RAM zidisha kwa tatu.

Kabla ya kulipa, azima au kodi mashine inayofanana na unayoitaka, pakia data yako halisi, na uendeshe maswali yako halisi mara mbili: kwanza kache ikiwa tupu mara baada ya kuwasha upya, kisha ikiwa imejaa. Wastani usikutoshe. Tafuta asilimia moja ya maswali yaliyochelewa kuliko yote, kwa sababu nodi chache zenye mamilioni ya mahusiano hujificha humo, na ndizo zitakazokuonyesha kama RAM uliyoihesabu inatosha.