Fyuzi ya Taa za Breki Ikiungua Tena, Usiweke Kubwa

Dereva mmoja anayebeba mboga kutoka soko la Marikiti alituletea gari kwenye karakana yetu ya mafunzo hapa Nairobi. Fyuzi ya taa za breki, ya ampea 10, ilikuwa imeungua mara tatu kwa juma moja. Mtu akamwekea ya 30. Taa zikawaka, akashukuru. Siku mbili baadaye akasikia harufu ya plastiki ikiungua chini ya zulia.

Fyuzi hulinda waya: umeme ukizidi, hukatika yenyewe kwanza. Balbu ya breki ya wati 21, kwenye gari la volti 12, hutumia chini ya ampea 2. Hata zikiwa tatu hazifiki 6. Fyuzi ya 10 ikikatika tena na tena, mara nyingi mahali fulani waya umechubuka, shaba imegusa bodi ya gari, na umeme umerudi kwenye betri bila kupitia balbu. Hiyo ndiyo shoti. Ukiweka fyuzi kubwa zaidi, unaugeuza waya wenyewe kuwa fyuzi.

Kabla ya kufungua chochote, muulize dereva: inaungua lini? Ukikanyaga breki tu? Gari likipanda tuta? Swali hili huokoa nusu ya kazi, na mafundi wengi hulipuuza.

Kisha toa balbu zote za breki, chomoa fyuzi, na mahali pake unga balbu moja ya wati 21. Kanyaga breki, kama uko peke yako, kipande cha ubao kati ya kiti na pedali kinatosha. Balbu ikiwaka kwa nguvu, shoti ipo, na nyaya ziko salama kwa sababu balbu inauzuia umeme usipite kiasi. Sasa tikisa nyaya, chomoa soketi moja baada ya nyingine. Itakapozimika, umefika.

Anzia panapokunjika: bawaba za buti, soketi ya trela, na zile taa za mapambo zilizoungwa kwa kusokota waya na kufunga tepu. Gari lililolala muda mrefu, tazama pia meno ya panya.

Anayependa kutumia mita ya kupimia umeme atoe betri na balbu kwanza. Uzi wa balbu baridi husoma chini ya ohmu 1, karibu kama shoti, na kila muhula kuna mwanafunzi anayepiga kelele kuwa ameipata shoti.

Gari la Marikiti lilitusumbua. Nusu saa nzima balbu yetu haikuwaka, hadi mmoja wetu akafunga mlango wa nyuma. Ikawaka palepale! Waya wa taa ya breki ya juu ulikuwa umechubuka kwenye bawaba, ukigusa bati mlango ukifungwa tu. Tukaunga kwa risasi ya kulehemu, tukauvika mrija unaosinyaa kwa joto, tukauachia ulegevu wa kukunjika. Dakika ishirini. Nyaya zilizoyeyuka chini ya zulia, kazi ya ile fyuzi ya 30, zilituchukua siku nzima.